Jumba la Bletchley na Ukimya Wake

Mji wa Bletchley, ulioko kiasi cha kilomita 80 kaskazini-magharibi ya London, haukuwa mji wa kusifiwa. Ulikuwa na viwanda vya matofali, maduka machache, na stesheni kubwa ya gari la moshi, basi. Lakini karibu na stesheni hiyo, mwendo wa dakika chache kwa miguu, liko jumba ambalo kwa muda wa miaka mia na arobaini na ushei limekuwa makao ya tajiri, ofisi ya majasusi, uwanja wa chuo cha ualimu, shule ya watu wa simu, nusu mahame, na sasa makumbusho. Majumba ya enzi ya Malkia Victoria yaliyo mazuri kuliko hili ni mengi mno katika Uingereza, na vitabu vya kuyasifu havina idadi. Hili halina sifa ya uzuri. Linanivutia kwa jambo jingine: siri ile ile iliyolilinda wakati wa vita ndiyo iliyokaribia kulibomoa wakati wa amani.

Tuanze na jengo lenyewe. Mwaka 1877 shamba la Bletchley lilinunuliwa na Samuel Lipscomb Seckham, msanifu wa majengo. Mwaka 1883 likapita mikononi mwa Herbert Samuel Leon, mfanyabiashara wa fedha na hisa wa London. Huyu alikuta nyumba ya wastani tu, naye hakuibomoa ajenge upya. Aliipanua kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, akiongeza chumba huku, baraza kule, mnara pale. Matokeo yake ni jumba refu la matofali mekundu ambalo uso wake haufanani kutoka ncha moja hadi nyingine. Upande mmja una kuba la shaba lililogeuka kijani kwa mvua na umri. Katikati kuna madirisha makubwa yaliyochomoza nje ya ukuta, yenye vizingiti vya mawe. Mahali pengine ukuta wa juu, ule wa pembetatu unaobeba paa, umepambwa kwa boriti nyeusi na lipu nyeupe kwa mtindo wa kale wa Kiingereza. Mahali pengine umekatwa kwa mikunjo ya mviringo kama nyumba za Uholanzi. Penye mlango mkuu wamekaa wanyama wawili wa mawe, wale wa hadithini wenye mwili wa simba na kichwa na mabawa ya tai. Ndani kuna kuta zilizofunikwa kwa mbao, ukumbi wenye paa la vioo, na chumba cha dansi ambacho dari yake imerembwa kwa lipu ya nakshi nzito hata mtu huona kama itamwangukia.

Wasanifu wa majengo wamelicheka sana jumba hili. Mmoja wao, Mmarekani Landis Gores, aliyefanya kazi hapo wakati wa vita, aliliandika kwa maneno makali yasiyoacha kitu. Mimi ningelifananisha na insha ya mwanafunzi aliyenakili kutoka vitabu vitano: kila aya ni nzuri peke yake, ila haziamkiani. Hata hivyo, tusimwonee Bwana Leon. Enzi ya Victoria, iliyoanza mwaka 1837 hadi 1901, ilikuwa enzi ya fedha mpya. Viwanda, reli na soko la hisa vilizaa matajiri ambao baba zao hawakuwa mabwana wa ardhi. Mtu wa namna hiyo aliponunua shamba, alitaka nyumba yake iseme kuwa imekuwapo tangu zamani. Ndiyo maana wajenzi wa wakati ule walichota mitindo ya karne zilizopita: minara ya Kigothi, madirisha ya wakati wa wafalme wa Tudor, mapambo ya Kiholanzi. Jumba la Bletchley lilikuwa cheti cha ukoo kilichoandikwa kwa matofali. Na kwa hakika kilifanya kazi yake, kwani Leon alikuwa mbunge wa chama cha Liberal kuanzia 1891 hadi 1895, na mwaka 1911 akapewa cheo cha kurithishwa, akaitwa Sir Herbert.

Nyumba kama hiyo ilikuwa kijiji kizima. Nyuma ya jumba kulikuwa na ua wa farasi, nyumba ndogo za watumishi, ghala la kuwekea matofaa na mapeasi ya bustanini, na banda la njiwa. Mbele kulikuwa na majani yaliyokatwa vizuri na ziwa dogo. Ni vema msomaji akumbuke sehemu hizi za uani, maana historia kubwa ya Bletchley haikutokea katika ukumbi wa dansi. Ilitokea kwa watumishi, kwenye farasi na matofaa.

Sir Herbert alifariki mwaka 1926, na mjane wake, Lady Fanny, akafariki mwaka 1937. Zama zilikuwa zimekwisha badilika. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imemaliza watumishi na kodi za urithi zilikuwa zimemaliza fedha. Majumba ya namna hii yalikuwa yakibomolewa kila pembe ya Uingereza. La Bletchley nalo likauzwa, na walioliangukia walikuwa wajenzi waliotaka kulivunja wapange nyumba za kuuza. Hapo ndipo alipotokea Admirali Sir Hugh Sinclair, mkuu wa idara ya ujasusi wa nje. Mwaka 1938, vita na Ujerumani vikinukia, alikuwa akitafuta mahali nje ya London ambapo watu wake wangejificha na mabomu. Alilichukua jumba pamoja na ekari 58 kwa pauni 6,000, na yasimuliwa kwamba serikali iliposema haina fungu, alizitoa mfukoni mwake.

Uzuri wa nyumba haukumshughulisha hata kidogo. Alitazama vitu viwili. Kwanza, stesheni ya Bletchley ilikuwa njia panda ya reli: gari moja lilikwenda London, na reli nyingine ilipita kutoka Oxford hadi Cambridge, palipo na vyuo vikuu viwili ambamo alitarajia kuchukua wataalamu. Pili, nyaya kuu za simu za kutoka London kwenda kaskazini zilipita jirani. Kwa hiyo jumba lililojengwa ili lionekane likanunuliwa kwa sababu ya vitu ambavyo mgeni wa Bwana Leon asingevitupia jicho: reli na waya.

Septemba 1938 lilikuja kundi la kwanza kufanya majaribio, wakajifanya wageni waliokuja kuwinda. Walirudi kwa kazi kamili Agosti 1939, majuma machache kabla ya vita kutangazwa. Jumba likajaa siku hiyo hiyo. Ghorofa ya juu ilichukuliwa na wajasusi wa Sinclair. Chini zikawekwa sehemu zilizoshughulikia majeshi ya majini, ya nchi kavu na ya anga, pamoja na mitambo ya simu, jiko na chumba cha kulia. Maktaba ya Bwana Leon ikawa ofisi. Alastair Denniston, mkuu wa kwanza wa kazi hiyo, aliketi katika chumba cha chini kinachotazama majani na ziwa. Juu kwenye mnara wa tangi la maji palifungwa mtambo wa simu ya upepo, ukaitwa Stesheni X, na waya wake ukatundikwa kwenye mti mrefu mbele ya nyumba. Mtambo huo uliondolewa mapema ili usije ukawaonyesha adui mahali penyewe, lakini jina likabaki hata leo.

Kazi yenyewe ilikuwa kufumbua mafumbo. Wajerumani walituma amri zao hewani kwa maandishi yaliyovurugwa na mashine iitwayo Enigma, ambayo iliweza kupangwa kwa namna nyingi zisizohesabika kwa vidole vya mtu, na mpango ukabadilishwa kila siku. Wahenga wetu walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Werevu wa kwanza kuling'amua hili hawakuwa Waingereza. Walikuwa Wapoland watatu, wanahisabati Rejewski, Różycki na Zygalski, na Julai 1939 wakubwa wao waliwakabidhi Waingereza na Wafaransa yote waliyoyajua, karibu na Warsaw. Jambo hili hupenda kusahauliwa, kwa hiyo nalitaja. Pale Bletchley, mzee Dilly Knox na wenzake walikaa katika vile vijumba vya uani vya watumishi, jirani na ghala la matofaa, na Januari 1940 wakaanza kuzisoma simu za Enigma. Alan Turing naye, aliyeripoti tarehe 4 Septemba 1939, alianzia huko huko uani.

Jumba halikutosha. Wakajenga vibanda vya mbao juu ya majani na bustani ya waridi, kila kimoja na namba yake. Kibanda namba 6 kilifumbua simu za jeshi la nchi kavu na la anga. Kibanda namba 3 jirani yake kilitafsiri na kupima maana. Ili watu wa kibanda kimoja wasijue ya kingine, karatasi zilipitishwa katika kijishimo kati ya vibanda hivyo kwa sinia lililosukumwa na mpini wa ufagio. Kibanda namba 8 kilikuwa cha Turing, cha mafumbo ya jeshi la majini. Baadaye yakaja majengo ya matofali na zege, na watu walipohamia humo walikwenda na majina ya vibanda vyao vya zamani, ili asiyehusika asitambue chochote. Katika moja ya majengo hayo, lililoitwa Jengo F, ndipo ulipoanza kufanya kazi mwanzoni mwa 1944 mtambo uitwao Colossus, kazi ya Tommy Flowers, fundi wa Idara ya Posta. Ni mmoja wa mababu wa kompyuta zinazotumika leo duniani.

Hapa sharti niseme neno juu ya waliofanya kazi. Hadithi hupenda majina matatu manne ya maprofesa. Lakini kufikia mwanzo wa 1945 watu walikuwa karibu 9,000, pamoja na waliokuwa katika vituo vya nje, na katika kila wanne, watatu walikuwa wanawake. Wengi walikuwa wasichana waliotoka shule juzi. Walikaa katika nyumba za watu vijijini, wakasafirishwa kwa mabasi, wakafanya kazi kwa zamu tatu: saa mbili asubuhi hadi saa kumi, saa kumi hadi saa sita usiku, na saa sita usiku hadi kunakucha saa mbili. Walichapa, walipanga kadi, waliendesha mitambo, na wengine walifumbua sawasawa na wanaume. Vibanda vilikuwa baridi kupindukia wakati wa theluji na majiko yake yalijaza moshi. Kila mmoja alitia sahihi ya kutunza siri siku ya kwanza, na mkono wa sheria ulikuwa nyuma ya sahihi hiyo.

Tawi moja la kazi hii lilifika kwetu, nalo halisimuliwi mara nyingi. Waingereza walikuwa na kituo cha mashariki ya mbali kilichosikiliza simu za Wajapani. Kilianzia Hong Kong, kikahamia Singapore, kikakimbilia Colombo. Na ndege za Kijapani zilipoishambulia Colombo Aprili 1942, sehemu kubwa ya kituo ikapakiwa melini ikaletwa Kilindini, Mombasa. Watu hao waliwekwa katika jengo la shule ya Allidina Visram, lililoelekea bahari, shule ya watoto wa Kihindi iliyochukuliwa kwa ajili ya vita. Kwa upande wa mitambo mahali palikuwa pabaya, kwani Mombasa ni mbali mno na Japani na sauti zilifika hafifu. Hata hivyo, ni hapo walipofumbua msimbo mmoja wa meli za mizigo za Kijapani. Mwaka 1943 wakarudi Colombo. Jengo likarudia chaki na kengele. Ni watoto wangapi wa Mombasa wamekalia madawati chini ya paa lile bila kuambiwa? Wala si ajabu, maana hata watoto wa Bletchley yenyewe hawakuambiwa.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 amri ilikuwa moja: nyamazeni. Mitambo mingi ilivunjwavunjwa, na karatasi zikachomwa moto. Mwaka 1946 idara ikahama, na jina lake likabadilika kuwa GCHQ. Wasichana wa zamu wakarudi makwao, wakaolewa, wakazaa, wakazeeka. Wazazi wengi walikufa wakiamini kuwa binti yao alipitisha vita akichapa barua katika ofisi ya nyuma, wakati binti wa jirani alikuwa muuguzi mstari wa mbele. Kulikuwa na mume na mke ambao wote wawili walifanya kazi Bletchley katika vibanda tofauti na hawakuelezana. Churchill aliwasifu kwa utii wao wa kutosema. Nami nauheshimu utii huo. Lakini nauliza bei yake.

Sehemu ya bei hiyo ililipwa na jumba. Serikali sasa ilikuwa na uwanja mkubwa wenye nyumba ya kitajiri isiyopendwa, vibanda vinavyooza na majengo ya zege, na haikuweza kusema kwa nini vina thamani. Basi ukawa mahali pa kuweka chochote kinachotafuta nafasi. Idara ya Posta ilifundisha watu wake humo, na baadaye shirika la simu la British Telecom lililorithi kazi hiyo. Waongozaji wa ndege walifundishwa humo. Idara ya ujasusi wa mawasiliano yenyewe iliacha shule yake ndogo hadi mwaka 1987. Na kwa miaka ishirini na zaidi, hadi katikati ya miaka ya 1970, kulikuwa na chuo cha ualimu.

Nikiwa mtu wa chuo cha ualimu, hapa nitakaa kidogo. Sheria ya elimu ya 1944 na kupandishwa kwa umri wa kumaliza shule hadi miaka 15 mwaka 1947 viliifanya Uingereza ikose walimu ghafla. Mpango wa dharura uliwatoa walimu wapatao 35,000 katika miaka michache, na vyuo vikafunguliwa katika kambi za askari, hospitali zilizoachwa na majumba ya mabwana. Sisi wa huku tunaijua hali hiyo. Nasi tumefundisha walimu katika majengo ya misheni na mabweni yaliyojengwa kwa shughuli nyingine, na mwalimu mzuri hutoka popote. La Bletchley lina uchungu wa namna yake. Fikiria, msomaji, chuo cha walimu, watu watakaokwenda kuwaeleza watoto historia ya nchi yao. Wanapita kila siku mbele ya vibanda ambavyo ndani yake wasichana wa rika lao walisoma amri za Hitler kabla majenerali wengine hawajazisoma. Katika kufundisha mazoezi, mwalimu mwanafunzi huambiwa aanze na mazingira: kilima mnachokiona, mto mnaouvuka, jengo lililo jirani. Hapo jengo lilikuwapo na somo halikuwapo. Kibanda kilikuwa kibanda tu, stoo ya viti au pa kuegeshea baiskeli.

Ukimya ulivunjwa mwaka 1974, F. W. Winterbotham alipochapisha kitabu chake The Ultra Secret. Tangu hapo yakaandikwa mengi. Lakini kitabu ni kitabu na ardhi ni ardhi. Kujua kwamba jambo fulani lilitokea si sawa na kujua kwamba lilitokea katika kibanda hiki chenye bati lililotoboka. Maofisa waliosimamia uwanja waliendelea kuuona kama viwanja, na katika miaka ya 1980 Jengo F, lile la Colossus ya kwanza, lilibomolewa. Hakuna aliyefanya hivyo kwa uovu. Lilikuwa jengo la zege la wakati wa vita, baya, linalovuja, na hesabu ya ukarabati ilikuwa kubwa. Ukimpa mhasibu jengo lisilo na hadithi, atakupa jibu la haki kabisa, na jibu hilo ni tingatinga.

Kufikia 1991 uwanja ulikuwa karibu mtupu. Mipango ilikuwapo ya kuvunja majengo na kujenga nyumba za kuuza na maduka, yaani yale yale waliyoyataka wajenzi wa mwaka 1938. Wenyeji wachache waliokuwa na chama cha historia ya mji wakaona kuwa haifai lianguke bila kuagwa. Oktoba 1991 wakawaalika waliowahi kufanya kazi hapo waje kwa karamu ya kwaheri. Walikuja mamia, sasa wazee, wanawake wengi, kutoka kila mkoa. Wakaanza kuonyeshana: hapa palikuwa na meza yangu, dirisha lile halikufungika, pale tuliteleza juu ya barafu ziwa lilipoganda. Wenyeji walikuja kuzika, wakajikuta wana orodha ya vyumba, majina na kazi, kutoka vinywani mwa wenyewe.

Mambo yakaenda kasi. Februari 1992 baraza la Milton Keynes, mji mpya ulioimeza Bletchley, lilitangaza sehemu kubwa ya uwanja kuwa eneo la hifadhi, na mwezi huo huo kikaundwa chombo cha udhamini, Bletchley Park Trust. Wageni walianza kupokelewa 1993, na mwaka 1994 makumbusho yakafunguliwa rasmi. Fedha ilikuwa haba kwa miaka mingi, vibanda vikiendelea kuoza huku watu wakivutana. Ukarabati mkubwa ulikamilika mwaka 2014, na aliyeufungua, mke wa mjukuu wa Malkia, nyanya yake mwenyewe alikuwa mmoja wa wasichana wa Bletchley.

Jumba la Bwana Leon lipo pale katikati, na kuba lake la kijani, limepigwa msasa na kupakwa rangi. Maktaba na ofisi ya Denniston zimepangwa kama zilivyokuwa wakati wa vita, si kama alivyoziacha tajiri. Ni chaguo linalostahili kufikiriwa. Nyumba ina umri zaidi ya miaka 140, na vita vilichukua sita tu; lakini ni hiyo sita mgeni anayolipia kiingilio. Nisingependa Leon na watumishi wake wasahauliwe kabisa, wala wale walimu wanafunzi. Yumkini miaka hamsini ijayo wataongeza chumba kimoja chenye ubao na chaki. Tarehe 1 na 2 Novemba 2023 serikali ya Uingereza iliwakutanisha hapo wajumbe wa mataifa kujadili hatari za akili mnemba, na mataifa 28 pamoja na Umoja wa Ulaya yakaafiki tamko lenye jina la Bletchley. Afrika ilikuwamo kwa Kenya, Nigeria na Rwanda. Matumizi ya nyumba, basi, hayajakoma.

Na katika ukarabati ule uliokamilika 2014, mafundi walifungua dari ya kibanda namba 6 wakakuta karatasi zimesokotwa katika nafasi za mbao. Zilikuwa karatasi za kazi za wakati wa vita, na baadhi yake ni zile ndefu zenye matundu, za mbinu aliyoibuni Turing kwa ajili ya mafumbo ya majini. Kwa amri zote za wakati ule zilipaswa kuchomwa moto. Lakini kibanda kilikuwa kikipitisha upepo, usiku wa zamu ni mrefu, na mtu mmoja mwenye baridi alizichukua akazibia ufa.